Wanaolipia bandari wapewe kiti

Mfanyabiashara wa Kampala, Kigali au Bujumbura anayesubiri kontena lake lishuke Mombasa au Dar es Salaam hulipia karibu kila jambo linalotokea kabla ya mzigo kumfikia. Kontena likikaa bandarini kupita siku zilizoruhusiwa, analipa. Likichelewa kurudishwa tupu, kampuni ya meli inamdai. Mtandao wa forodha ukilala siku mbili, siku hizo zinahesabiwa juu yake. Hata kosa lisipokuwa lake, bili ni yake. Lakini ada hizo zinapopangwa, au amri inapotoka kwamba mzigo upite njia hii na si ile, yeye hupata habari kwa wakala wake wa forodha, tena mara nyingi meli ikiwa tayari imetia nanga.

Wengi hudhani hali hiyo imeletwa na uzembe wa siku hizi. Uzembe upo, hakuna anayekataa. Lakini desturi ya bandari kuamuliwa na watu wasiolipa, na kulipiwa na watu wasioamua, ni ya zamani kuliko kompyuta yoyote ya forodha. Ilijengwa wakati wa ukoloni, ikajengwa kwa makusudi, na sehemu kubwa ya jengo hilo bado imesimama.

Bandari ya zamani ya Mombasa ilikuwa upande wa mashariki wa kisiwa, chini ya Ngome ya Yesu. Majahazi ya Oman, Ghuba na India yaliingia na kaskazi na kuondoka na kusi, yakileta tende na mazulia na kurudi na boriti za mikoko. Haikuwa pepo. Watumwa walipakiwa katika fukwe hizo hizo, na Sultani wa Unguja alikuwa amewakodisha wafanyabiashara wa Kihindi kazi ya kukusanya ushuru. Hata hivyo nahodha, mwenye mzigo, dalali na hamali walionana uso kwa uso, na bei ya kazi ilizungumzwa papo hapo.

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na mwaka 1901 njia ikafika Ziwa Nyanza, mahali panapoitwa Kisumu leo. Meli kubwa zilihitaji maji ya kina, nayo yalikuwa Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Katika miaka ya 1920 serikali ilijenga magati ya kina huko kwa fedha za mikopo, na katika miaka hiyo hiyo bandari ikawekwa chini ya shirika la reli. Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki, chini ya tume iliyoongozwa na magavana watatu.

Kuweka bandari na reli katika mfuko mmoja kulikuwa na maana yake. Gati halikutazamwa kama huduma kwa mwenye mzigo. Lilikuwa mdomo wa reli, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuilisha reli mizigo ya kutosha kulipa madeni. Aliyeshika mfuko huo aliweza pia kuamua nani alipe zaidi. Nauli za reli zilipangwa kwa namna iliyoyapendelea mahindi ya walowezi wa Kenya, huku pamba ya mkulima wa Uganda ikibeba mzigo mkubwa zaidi wa gharama. Mkulima wa Busoga hakuwa na mtu wa kumsemea pale nauli hizo zilipojadiliwa. Mabaraza ya ushauri yalikuwepo, yakiwa na wakubwa wa kampuni za meli, wafanyabiashara wa Kizungu na walowezi.

Baharini mambo yalifanana. Kampuni za meli za Ulaya zilizofika pwani hii, British India na Union-Castle zikiwemo, zilikuwa na umoja wao wa kupanga nauli kwa pamoja. Mfanyabiashara aliyepakia mizigo yake yote kwa meli za umoja huo alirudishiwa sehemu ya nauli baada ya muda fulani. Akithubutu kupakia hata shehena moja kwa meli ya nje kwa sababu ni rahisi, alipoteza marejesho yote. Ulikuwa mtego wa adabu sana, na wafanyabiashara wa leo waliofungwa na masharti ya kampuni moja ya meli wataujua kwa sura.

Kazi yenyewe ya kushusha mizigo waliachiwa watu ambao serikali ilishindwa kwa muda mrefu kuamua kama inawahitaji au inawaogopa. Makuli wa Mombasa na Dar es Salaam waliajiriwa kwa siku. Neno kibarua lenyewe limetokana na kile kikaratasi kidogo alichopewa mtu wa kazi ya siku. Kwa mwajiri, utaratibu huo ulikuwa rahisi: meli ikiingia, watu mia kadhaa wanaitwa; isipoingia, hawadaiwi chochote. Kwa kuli ulikuwa na faida moja ambayo wakoloni hawakuipenda. Asiyetaka kazi leo angeweza kukaa kwake, au kwenda shambani, na kurudi kesho kutwa.

Dar es Salaam hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa hadi mwaka 1956 haikuwa na gati hata moja la kina. Meli zilitia nanga katikati ya bandari, mizigo ikashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi ufukoni, na huko mzigo ukashushwa mara ya pili. Kila gunia la kahawa lililoondoka na kila jora la kitambaa lililoingia lilipita katika mikono ya makuli zaidi ya mara moja. Ndiyo maana walipoweka mikono chini, nchi nzima ilisikia. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, na mgomo wao wa Septemba 1947 ulipanda na reli ya kati kuelekea bara.

Mombasa iliwatangulia mwaka huo. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na majumbani waliacha kazi kwa siku kama kumi na mbili. Walikutana kila siku katika uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini, na hapo kikazaliwa chama cha wafanyakazi ambacho Chege Kibachia alikuja kukiongoza. Walirudi kazini baada ya Eliud Mathu, mjumbe wa Kiafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, kuwaeleza kwamba malalamiko yao yatasikilizwa. Tume ikaundwa na mishahara ikapanda. Kibachia naye alikamatwa mwezi Agosti na kuwekwa kizuizini Baringo kwa takribani miaka kumi. Unguja nako makuli waligoma mwaka 1948, na mgomo huo ndio msingi wa riwaya ya Adam Shafi, *Kuli*.

Jibu la serikali baada ya hapo linastahili kuangaliwa kwa makini, maana halikuwa la rungu peke yake. Katika miaka ya 1940 na 1950 maofisa wa kazi wa Mombasa waliwaandikisha vibarua wa bandari na kuwapa hati. Aliyeandikishwa alikuwa na nafasi ya kwanza ya kazi na malipo bora kidogo, lakini alipaswa kufika idadi fulani ya siku kila mwezi, la sivyo jina lake linafutwa. Wale walioitwa wazururaji hatua kwa hatua wakageuzwa wafanyakazi wa kudumu. Wapo waliofaidika, na haki haina budi kulisema hilo. Lakini aliyeamua nani abaki na nani afutwe ni mwenye daftari.

Baharia naye alikuwa na daftari lake. Sheria ya Uingereza ya Meli za Biashara ya mwaka 1894 ilifuata bendera ya Mwingereza popote ilipokwenda. Kwa sheria hiyo baharia aliingia kazini kwa kutia sahihi mkataba mbele ya ofisa wa bandari, ambaye alitakiwa asomewe na kuelezwa yaliyomo. Palikuwa na ulinzi wa kweli ndani yake: mshahara uliandikwa, chakula kiliandikwa, na nahodha hakuruhusiwa kumtelekeza mtu katika bandari ya mbali. Lakini kutoroka melini kulikuwa kosa la jinai, na safari ikiisha nahodha aliandika tabia ya baharia katika hati yake ya kuachishwa. Nahodha aliyekataa kutoa maoni, kukataa kwake nako kuliandikwa, na kwa baharia anayetafuta meli nyingine hilo lilikuwa sawa na kutukanwa kwa maandishi.

Tena mkataba haukuwa mmoja kwa wote. Mabaharia wa Kiasia waliandikwa kwa mikataba ya peke yao, kwa mshahara ambao ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa Mzungu aliyefanya kazi hiyo hiyo, na masharti yaliwazuia kuachishwa kazi katika bandari za Uingereza ambako wangeweza kudai zaidi. Wasomali, Waarabu wa Aden na watu wa pwani hii waliofanya kazi ya kuchochea makaa katika matumbo ya meli walifika hadi Cardiff na London. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa amri iliyowataka mabaharia weusi na wa rangi nyingine wasio na uthibitisho wa kuwa raia wa himaya wajiandikishe polisi. Wengi wao walizaliwa chini ya bendera hiyo hiyo ya Kiingereza, ila hawakuwahi kupewa karatasi ya kuthibitisha hivyo. Mtu alikuwa raia wa kutosha kuchochea makaa, lakini si wa kutosha kukaa mjini.

Majahazi hayakusahauliwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliowekwa kwa lengo jema la kukomesha biashara ya watumwa, ulitaka kila chombo cha wenyeji kiwe na hati ya bendera na orodha ya mabaharia na abiria, na orodha hiyo ikaguliwe bandarini. Manahodha wa Sur, Oman, waliokuwa wakipeperusha bendera ya Ufaransa ili wasipekuliwe na manowari za Uingereza, walisababisha kesi iliyofika mahakama ya usuluhishi ya The Hague na kuamuliwa mwaka 1905. Mataifa mawili makubwa yalishtakiana juu ya vyombo vya watu ambao wenyewe hawakuwa mezani.

Anayeona mambo haya ni ya makumbusho na akumbuke mwaka 2020. Wakati wa korona madereva wa malori walipangwa foleni Malaba kwa siku kadhaa wakisubiri majibu ya vipimo, kila nchi ikidai cheti chake na baadhi wakionyeshwa hadharani kama wabeba maradhi. Bidhaa zilitakiwa zifike. Mtu aliyezileta ndiye aliyekuwa tatizo. Ofisa wa bandari wa mwaka 1925 asingehitaji kuelezwa utaratibu huo.

Yapo mapatano moja ya enzi hiyo ambayo wafanyabiashara wa Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo wangefaa kuyafahamu vizuri kuliko mengine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ubelgiji ilibaki na Kongo na kupewa Ruanda-Urundi, na Uingereza ikapewa Tanganyika. Machi 1921 nchi hizo mbili zilikubaliana kwamba Ubelgiji ipewe eneo katika bandari ya Dar es Salaam na jingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Mizigo ya kwenda na kutoka makoloni ya Ubelgiji ilipita humo na kusafirishwa kwa reli ya kati bila kutozwa ushuru wa Tanganyika, ikishughulikiwa na mawakala wa Ubelgiji wenyewe.

Hapo ndipo penye jambo la kutafakari. Wakoloni walifahamu fika kwamba nchi isiyo na pwani haiwezi kufanya biashara kwa hisani ya jirani. Brussels ilidai nafasi yake ndani ya bandari kwa maandishi, ikaipata. Aliyekosa nafasi ni mkulima wa kahawa wa Ngozi ambaye jasho lake ndilo lililojaza maghala ya Belbase. Haki ya bara ilitambuliwa. Ikapewa mtu asiyestahili. Tanganyika ilipopata uhuru, Mwalimu Nyerere alikataa nchi yake ifungwe na mapatano ya milele yaliyotiwa sahihi na wengine, na alikuwa na haki kukataa. Hakuna taifa huru linaloweza kukodisha kipande cha bandari yake hadi kiama kwa faranga moja.

Lakini kilichokataliwa kilikuwa kukodisha ardhi milele. Haja ya bara kuwa na sauti bandarini haikufutika, na kwa muda mfupi ilikaribia kupata jibu. Chini ya Jumuiya ya mwaka 1967, bandari za Kenya na Tanzania ziliwekwa katika shirika moja lenye makao makuu Dar es Salaam, na Uganda, isiyo na hata mita moja ya pwani, ilikuwa mshirika kamili. Shirika hilo lilikuwa na matatizo yake, yakiwemo ya nani anadaiwa na nani. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi yenye pwani ilichukua bandari zake, na Uganda ikatoka ikiwa mteja.

Tangu hapo nchi za bara ni wateja. Jumuiya imefufuliwa, Rwanda na Burundi zimejiunga, kisha Sudan Kusini, Kongo na Somalia. Kodi ya bidhaa nyingi sasa hulipwa na kukaguliwa bandarini kabla mzigo haujaondoka, kwa utaratibu wa himaya moja ya forodha, na vituo vya pamoja mipakani vimepunguza usumbufu kwa kiasi ambacho kila dereva atakikiri. Zipo pia taasisi za ushoroba wa kaskazini na ule wa kati, ambazo nchi za bara ni wanachama, na ambazo hupima siku na saa ambazo mzigo hutumia bandarini na njiani. Takwimu zao ni nzuri. Tatizo ni kwamba zinapima. Hazipangi ada na hazina uwezo wa kuzuia amri.

Mfano upo karibu. Mwaka 2019 Kenya iliagiza makontena yanayotoka Mombasa yasafirishwe kwa reli mpya ya kisasa, reli iliyojengwa kwa mkopo na iliyohitaji mizigo ili deni lilipike. Wafanyabiashara wa Mombasa waliandamana, waagizaji wa Uganda na kwingineko wakalalamika juu ya gharama na ucheleweshaji. Amri ilifutwa Septemba 2022, baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya. Kwa maneno mengine, suala lililomgusa mwagizaji wa Kampala lilitatuliwa katika uchaguzi ambao yeye si mpiga kura. Na lilikuwa suala lile lile la miaka ya 1920: gati likitumiwa kulisha reli.

Dar es Salaam nayo, Oktoba 2023, ilitia sahihi mkataba wa miaka 30 na kampuni ya DP World ya Dubai kuendesha sehemu ya magati yake. Watanzania waliujadili kwa ukali, bungeni, misikitini na makanisani, kama ilivyo haki yao. Katika mjadala ule wote, wenye mizigo wa Lubumbashi, Bujumbura na Kigali, ambao shehena zao ni sababu kubwa ya mwekezaji kuja, walitajwa kama soko. Hawakuulizwa kama washirika. Huenda ufanisi utaongezeka na wao watanufaika, lakini mtu akinufaika bila kuulizwa, kesho anaweza kuumia bila kuulizwa pia.

Yapo majibu ya upande wa pwani, na si ya kupuuzwa. Mlipa kodi wa Kenya na Tanzania ndiye anayedhamini mikopo ya magati. Moshi, foleni na barabara zilizobomoka ziko Mombasa na Temeke, haziko Kigali. Bandari ni mlango wa nchi, na usalama wa mlango haugawiwi kwa kura za majirani. Yote ni kweli. Lakini hakuna anayeomba funguo. Kinachohitajika ni kwamba bodi ya kila bandari kubwa inayopitisha mizigo ya jirani iwe na wajumbe wa watumiaji kutoka nchi hizo, wenye kura katika mambo ya ada, siku za kuhifadhi mzigo na njia ya kuusafirisha, na si katika mambo mengine. Ada yoyote mpya itangazwe miezi kadhaa kabla, kwa Kiswahili na Kifaransa pia, kwa sababu tangazo la Kiingereza pekee halimfikii mwenye duka wa Bukavu. Na saa ya kuhesabu siku za mzigo bandarini isimame pale mtandao au mtambo wa bandari yenyewe unaposimama. Hilo la mwisho halihitaji hata mkataba mpya. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja.

Wajumbe hao wasiwe wakubwa peke yao. Mabaraza ya ushauri ya wakati wa reli yalikuwa na wafanyabiashara pia, na walijisemea wenyewe vizuri sana. Anayeagiza makontena mia kwa mwezi ana mwanasheria na ana namba ya simu ya meneja. Mama wa Busia au Rusumo anayechangia kontena moja la vitenge na wenzake wanane hana, na kontena hilo likikaa wiki mbili za ziada faida ya wote tisa inaishia kwenye bili ya hifadhi. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani navyo vina kazi ya kufanya hapa, kwa sababu vingi havina orodha kamili ya wanachama wala uchaguzi unaoeleweka. Mawaziri wa uchukuzi wa Jumuiya wakikubali kesho kutoa viti hivyo, swali la kwanza watakalouliza ni nani amechaguliwa kuvikalia.